UZI: "Wananchi waliulizwa" maana yake nini? Kutoka Forodhani hadi magofu ya Pate

Kila mradi wa kutengeneza uwanja au bustani ukizua ugomvi, sentensi mbili lazima zisikike. Wenye mradi: "Vikao tulifanya." Watu wa mtaa: "Hatukuulizwa." Hapa mitandaoni tunachagua upande, tunatukanana siku tatu, tunasahau. Mimi nasema mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na historia inaonyesha inakuwaje. Sitaji chama wala mwanasiasa. Mkiwataja kwenye majibu, hayo ni yenu.

Mimi ni mtu wa Pate. Kwetu hakuna bustani ya umma kwa maana ya mjini, yenye viti vya saruji na nyasi za kukatwa. Kwa hivyo naanzia Unguja, kwenye bustani inayojulikana kuliko zote pwani hii, halafu nitarudi nyumbani.

Forodhani. Jina lenyewe linakwambia palikuwa nini: forodha, mahali pa kushushia shehena na kulipa ushuru, mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib. Mwanzoni mwa karne iliyopita hata treni ya Bububu ilianzia karibu na hapo. Bandari ikahamia upande wa Malindi, eneo likabaki wazi. Katikati ya miaka ya 1930 likafanywa bustani ya kuadhimisha robo karne ya mtawala kwenye kiti, likaitwa Jubilee Gardens. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaitwa Bustani ya Jamhuri.

Sasa niambieni, mmewahi kumsikia Mzanzibari akisema "twende Jubilee"? Kila mwenye madaraka alibandika jina lake, watu wakaendelea na lile la kazi: Forodhani. Hakuna aliyewaita kikao kuhusu jina. Walijibu kwa kutolitumia, basi.

Na si jina tu. Kilichoifanya Forodhani iwe Forodhani ni meza za chakula jioni: pweza, mishikaki, urojo, juisi ya miwa. Hiyo haikutoka kwenye mchoro wa mtu. Watu waliona pana upepo, pana watu wa kupita, wakaweka majiko. Hili likumbukeni, tutalihitaji mbele.

Kufika miaka ya 2000 bustani ilikuwa imechoka. Ukuta wa bahari ulikuwa unaliwa na maji, mitaro mibovu, taa chache. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni, kwa makubaliano na serikali, ukaanza kazi 2008, na bustani ikafunguliwa tena Julai 2009. Ukuta ukatengenezwa, mitaro ikachimbwa, taa zikawekwa, njia zikapangwa, watoto wakapata pa kucheza. Wauza chakula waliondolewa wakati wa ujenzi, wakarudi kwenye eneo lililopangwa, na masharti mapya.

Niseme wazi: kazi ile naipenda. Kaeni pale magharibi muone watoto wakijirusha baharini, mtaelewa. Lakini angalieni neno moja hapo juu, "wakarudi". Kwenye mradi wa namna hii hilo ndilo swali kubwa kuliko rangi ya matofali. Waliokuwapo kabla, watarudi? Wangapi? Kwa ada gani? Na masharti ya kurudi yameandikwa na nani, lini? Ukiifanya bustani nzuri ukawapoteza wale walioipa uhai, umejenga kitu kingine kabisa mahali pale pale. Forodhani ilinusurika kwa sababu majiko yalirudi. Na hata hivyo mpaka leo utasikia wenyeji wakilalamika kwamba bei ni za watalii.

Haya, turudi Kenya. Tangu Katiba ya 2010, ushirikishwaji wa wananchi si hisani ya kiongozi. Kifungu cha 10 kimeuweka miongoni mwa maadili ya taifa. Na kaunti yetu ya Lamu, ndogo hivi ilivyo, imetoa mifano miwili ambayo nchi nzima inapaswa kuijua.

Wa kwanza ni bandari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kwenye mradi ule, ikaagiza fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600.

Wa pili ni mtambo wa makaa ya mawe, na hapa ndipo penye funzo la bustani. Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira lilifuta leseni yake. Je, vikao havikufanyika? Vilifanyika! Lakini vilifanyika kabla ripoti ya athari haijatoka. Watu waliitwa wakaelezwa kwamba mradi unakuja. Ripoti yenyewe, yenye kueleza moshi utakwenda wapi na bahari itafanywa nini, ilipokuwa tayari, hawakurudiwa kama sheria inavyotaka. Mnaona sasa jinsi pande zote mbili zinavyosema kweli? Kikao kilikuwepo. Cha kuulizwa hakikuwepo.

Kwa hivyo mtu akikwambia "wananchi walishirikishwa", usimuulize kama kikao kilifanyika. Muulize kilifanyika lini: kabla ya mchoro, mchoro ukiwa bado wa penseli, au mkandarasi akiwa ameshashusha kokoto? Ikiwa tarehe ya kikao iko baada ya tarehe ya zabuni, hapo mliitwa kupiga makofi na kusaini karatasi ya mahudhurio.

Sasa Pate. Tuna Ngome ya Siyu kando ya mkono wa bahari, ngome ya mji uliowasumbua sana watawala wa Zanzibar mpaka ulipoangushwa 1863. Tuna magofu ya mji wa Pate wenyewe, mji wa Wanabahani. Kila baada ya muda huja wazo la kupafanya mahali pa kutembelea: njia, vibao, pa kupumzikia. Wazo si baya, vijana wanahitaji kazi.

Lakini ndani ya kuta zile kuna tumbaku. Watu wanalima humo, baina ya msikiti uliobomoka na nyumba za mawe. Mtaalamu wa mambo ya kale akiona jembe chini ya ukuta wa karne kadhaa anaumia, na ana haki ya kuumia, maana kuta zinaanguka. Mkulima naye shamba lile ndilo karo ya mwanawe. Huyu ndiye muuza pweza wetu. Mchoro wowote usiomwonyesha yuko wapi siku ya ufunguzi umeshaamua aondoke, hata kama neno "kuondoa" halimo.

Na kuna jambo dogo ambalo wapangaji wa bara hawalioni: maji. Kikao kikiitwa Amu saa nne asubuhi, mtu wa Siyu au Faza anahitaji nauli ya boti, na kupita Mkanda kunategemea maji kujaa. Maji yakitoka, amelala Amu. Mvuvi hayupo kabisa, yuko kazini. Anayefika ni yule mwenye nafasi, na jina lake ndilo linaandikwa "mwakilishi wa jamii". Kama kweli mnataka maoni kuhusu magofu ya Pate, njooni Pate, baada ya sala ya alasiri, mchoro mkononi, kwa Kiswahili, mkae barazani. Wako wazee watakaowaonyesha ukuta gani ulikuwa wa ukoo gani, na wengine watabishana nao hapo hapo.

Uzi ujao nitaandika kuhusu ardhi ya jamii na Makavazi ya Kitaifa, maana swali la nani mwenye shamba lililo ndani ya gofu halijibiwi kwa posti moja. Wenye picha za Siyu za zamani, wekeni hapa chini.