Mghafala wa upande na utambuzi fiche

Mtu aliyepatwa na kiharusi kilichodhuru ubongo upande wa kulia, hasa sehemu ya juu iliyo nyuma kidogo ya sikio, anaweza kuandaliwa ugali wa uwele na mlenda akala nusu ya kulia ya sahani, kisha akalalamika kwamba hajashiba. Igeuzeni sahani, ataendelea kula. Macho yake ni mazima. Pengine anavaa mkono mmoja wa shati na kunyoa shavu moja. Katika kaya ya Kongwa au Chamwino ni rahisi ndugu wadhani mzee amekuwa mkaidi.

Hali hii wengine wangeiita upuuzaji. Silikubali neno hilo, kwa kuwa anayepuuza anakijua anachokiacha. Aliyeghafilika hakukusudia. Ndiyo maana napendekeza mghafala wa upande.

Lakini je, kile asichokiona hakimfikii kabisa? Mwaka 1988 John Marshall na Peter Halligan waliandika katika jarida la Nature habari za mwanamke mwenye mghafala huu. Walimwonyesha michoro miwili ya nyumba, mmoja ukiwa na moto upande wa kushoto. Akasema nyumba zote ni sawa. Alipoulizwa angependa kuishi ipi, mara nyingi alichagua isiyoungua, huku akiliona swali halina maana. Habari za ule moto zilikuwa zimeingia ubongoni na kuelekeza uamuzi wake bila yeye kujua. Huo nauita utambuzi fiche. Si kanuni ya kila mgonjwa: watafiti Bisiach na Rusconi walipolirudia jaribio hilo mwaka 1990, baadhi ya wagonjwa walichagua nyumba inayoungua.

Kwetu jambo hili si la vitabuni. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi takriban 109 na 316, mtawalia, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kuzingatia tofauti za umri.

Basi ndugu mnaouguza, kabla hamjamkemea mzee, mchoreeni mstari mrefu wa kulala kwenye karatasi, mmwombe aweke alama katikati. Akiiweka mbali kuelekea kulia, ichukueni karatasi hiyo mkamwonyeshe daktari, iwe ni katika zahanati ya kijijini au Hospitali ya Benjamin Mkapa.