Duara Dogo Juu ya Tarakimu: Alama za Nyuzi katika Mpaka wa Ruvuma

Mpaka baina ya nchi na nchi huweza kuandikwa kwa njia mbili. Huweza kutajwa kwa vitu vionekanavyo, kama vile mto, rasi au kisiwa. Tena huweza kutajwa kwa hesabu ya nyuzi na dakika, ambayo haionekani popote ila katika karatasi. Pwani ya Mtwara, pale Ruvuma uingiapo baharini, imezijua njia zote mbili.

Kupima mahali kwa nyota si jambo geni katika bahari hii. Marubani wa karne ya 15, ambao miongoni mwao Ahmad ibn Majid ndiye mashuhuri, walipima kimo cha nyota kwa vidole, wakitumia kibao chenye uzi wa mafundo kiitwacho kamal. Lakini vipimo vyao vilikuwa vya kuongozea vyombo, si vya kugawia ardhi. Ugawaji ulikuja na mikataba ya Wazungu.

Mwaka 1886 Wadachi na Wareno walipatana kwamba Ruvuma uwe mpaka wao. Hata hivyo Wadachi waliishika Kionga, kusini ya mlango wa mto, mwaka 1894, kwa hoja kwamba ilikuwa ya Sultani wa Unguja, ambaye haki zake za pwani walizinunua mwaka 1890. Ndipo ilipokubaliwa kwamba mpaka ufuate mstari wa 10°40′ kusini ya Ikweta, tangu pwani karibu na Rasi Delgado hadi mtoni. Mahali pa mto pakachukuliwa na tarakimu nne na alama mbili. Mstari huo ulidumu hadi Aprili 1916, Wareno walipoitwaa Kionga. Na mwaka 1919 walithibitishiwa milki hiyo, mto ukarudi kuwa mpaka.

Alama hizo mbili zina kazi gani? Kila nyuzi moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60, desturi iliyorithiwa kwa Wababeli. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852 hivi. Sasa karani akikosa alama na kuandika 10.40, msomaji atahesabu sehemu 40 za mia, ambazo ni dakika 24 tu. Mstari utasogea dakika 16 kaskazini, karibu kilomita 30, nao utapita juu ya mlango wa Ruvuma, ndani ya ardhi ya Mtwara. Wala hakuna tarakimu hata moja iliyobadilika.

Katika siku za taipureta, mashine nyingi za Kiingereza hazikuwa na alama ya nyuzi. Mpiga taipu alizungusha karatasi nusu mstari, akapiga herufi o ndogo, kisha akairudisha. Dakika akaziandika kwa alama ya ritifaa, na sekunde kwa alama ya mtajo. Kompyuta imeondoa taabu hiyo, lakini imeleta nyingine. Katika programu nyingi za Windows alama ya kweli hupatikana kwa kushikilia kibonye cha Alt na kuandika 0176. Upande wa pili wa mto, watu waandikao Kireno wana kibonye cha º, ambacho huandikia mpangilio, yaani wa kwanza, wa pili. Kwa jicho viduara hivyo viwili ni ndugu. Kwa kompyuta kimoja ni 176 na kingine ni 186, na programu ya ramani yaweza kukikataa cha pili.

Jambo hili si la historia tu. Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na mwaka 1988 Tanzania na Msumbiji zilitia sahihi mkataba wa mpaka wa bahari, ambao sehemu yake ya mbali hufuata mstari wa 10°05′29″. Huko nje hakuna mto wala rasi ya kumsahihisha mwandishi. Sekunde 29 zikidondoka katika nakala, mstari utasogea karibu mita 900 kaskazini, na Tanzania ndiyo itakayopoteza ukanda huo katika karatasi.

Kwa hiyo yafaa mwandishi wa hati aweke alama kamili, kisha aandike pia kwa maneno: nyuzi kumi, dakika tano, sekunde ishirini na tisa, kusini. Wanasheria hufanya vivyo hivyo kwa fedha, na bahari haistahili uangalifu mdogo kuliko shilingi.