Mhandisi wa Kyoto na moshi wa Mpanda

Kwa miaka mingi Mpanda, mkoani Katavi, iliwashwa kwa dizeli. Mafuta yalisafirishwa kutoka mbali, yakachomwa kwenye majenereta, na fundi wa kuchomelea mageti mtaani Ilembo akapanga kazi zake kwa kutegea umeme. Mradi wa laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga, kilomita 383, ndio uliobuniwa kuuondoa mkoa wa Katavi kwenye maisha hayo na kuuingiza katika Gridi ya Taifa. Wakati hesabu ya nguzo ndiyo inayopendwa majukwaani, inafaa kuukumbuka moshi wa yale majenereta. Kuna mhandisi wa umeme, mwana wa Rungwe, aliyesimama mbele ya mataifa kuutetea moshi wa aina hiyo.

Profesa Mark Mwandosya alizaliwa mwaka 1949. Alisomea uhandisi wa umeme Birmingham, Uingereza, hadi shahada ya uzamivu, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1973. Aliingia serikalini katika sekta ya nishati, akafika hadi ukatibu mkuu wa wizara, halafu akarudi chuoni. Pamoja na mhandisi mwenzake wa umeme, Profesa Matthew Luhanga, ambaye aliwahi kuongoza chuo hicho kama Makamu Mkuu, alichunguza jinsi Watanzania wanavyotumia nishati. Mtu akisema nishati mjini, wengi hufikiria nguzo na mita. Uchunguzi wa miaka ile ulionyesha kitu kingine: sehemu kubwa kupita kiasi ya nishati ya nchi hii ilikuwa kuni na mkaa. Aliyelijua hilo kwa takwimu hakuwa mtu wa kutishwa na mabwana wa nchi tajiri waliokuja na hesabu za moshi.

Nafasi ya kuzipinga hesabu hizo ilikuja mwaka 1997. Tanzania ilikuwa mwenyekiti wa Kundi la 77, umoja wa nchi zinazoendelea ulioanzishwa mwaka 1964 kwa wanachama 77 na ambao kufikia wakati huo ulikuwa na nchi zaidi ya 130. Katika mazungumzo ya tabianchi, Kundi hilo pamoja na China lilisemewa na Mwandosya. Kazi haikuwa nyepesi. Ndani ya kundi lake mlikuwa na visiwa vidogo vilivyoogopa kuzama na vilivyotaka gesijoto zipunguzwe haraka, na humo humo mlikuwa na nchi za mafuta zilizoogopa biashara yao kuharibika. Hata hivyo walikubaliana kuzidai nchi tajiri zipunguze asilimia 15 kufikia mwaka 2010. Baadhi ya matajiri hawakutaka kusikia.

Marekani nayo ilikuwa imefungwa mikono na wabunge wake. Julai 1997 Baraza la Seneti lilipiga kura 95 kwa sifuri kwamba nchi isitie saini mkataba wowote usiozibana pia nchi zinazoendelea. Hapo ndipo ugomvi ulipowakia. Makubaliano ya Berlin ya mwaka 1995 yalikuwa yameshasema wazi kwamba duru hii haitaleta wajibu mpya kwa maskini. Ijumaa ya tarehe 5 Desemba, mkutano wa tabianchi ukiwa umefika katikati jijini Kyoto, Japani, New Zealand ilipendekeza kwamba nchi zinazoendelea ziahidi tangu sasa kuubeba mzigo baada ya kipindi cha kwanza cha mkataba. Kundi la 77 na China likakataa kata kata.

Kiini cha ubishi kilikuwa rahisi kueleweka Mpanda kuliko Washington. Mmarekani mmoja alikuwa akitoa kama tani 20 za kaboni dioksaidi kwa mwaka. Mtanzania hakufikisha hata robo ya tani moja. Wanaharakati wa India, Anil Agarwal na Sunita Narain, walikuwa wameshasema mwaka 1991 kwamba moshi wa kuishi na moshi wa anasa haviwekwi kwenye mizani moja. Mwandosya alilichukua wazo hilo, akalifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu mazungumzo yale, Survival Emissions. Makala haya yanaegemea upande huo huo, na sioni sababu ya kujificha.

Usiku wa mwisho ulikuwa vurugu tupu. Mwenyekiti, balozi Raúl Estrada-Oyuela wa Argentina, aliendesha mkutano hadi asubuhi ya tarehe 11 Desemba. Kifungu cha ahadi za hiari kwa nchi zinazoendelea kilipigwa vita hadi akakifuta. Nchi zilizoendelea zikabaki na wajibu wao: wastani wa zaidi kidogo ya asilimia 5 chini ya kiwango cha 1990, kati ya mwaka 2008 na 2012. Marekani iliyoahidi asilimia 7 haikuuridhia mkataba huo, Itifaki ya Kyoto, hata siku moja.

Ukiwauliza Watanzania wengi habari za Mwandosya, watakutajia ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Mei 2005, alipopata kura 122 nyuma ya Jakaya Kikwete na Salim Ahmed Salim katika kinyang'anyiro cha kupeperusha bendera ya CCM. Wengine watakumbuka uwaziri wa Mawasiliano na Uchukuzi au wa Maji. Baadaye aliteuliwa kuwa Mwenyekiti wa Bodi ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na Mkuu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Kyoto haitajwi. Nchi yetu humkumbuka mtaalamu kwa kura alizokosa, na kazi aliyoisomea huachiwa wageni waiandike.

Ukuta alioulinda, kati ya wajibu wa tajiri na wa maskini, haupo tena jinsi ulivyokuwa. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unaitaka kila nchi ilete ahadi yake, na Tanzania imeahidi kupunguza asilimia 30 hadi 35 ya gesijoto ambazo ingezitoa kufikia 2030. Ahadi hiyo inasomwa Dodoma, lakini moshi wa dizeli wa miaka yote ile Mpanda haukuwahi kutafutiwa anayedaiwa.