Musenyeri si Monsinyori

Mama mmoja kutoka Burundi alikaa mbele ya meza ya mbao kambini Nduta, wilayani Kibondo. Mkononi alikuwa na karatasi ya kipaimara ya binti yake, iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikaanza kuachana. Alitaka binti aandikwe kwenye daftari la kigango, ili siku ya ndoa yake asisumbuliwe. Katekista akauliza: nani alimpa kipaimara? "Musenyeri," mama akajibu. Kalamu ikaandika: *Monsinyori*.

Siku chache baadaye swali likarudi. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, mhudumu wa kawaida wa kipaimara ni askofu, na padri huhitaji ruhusa. Sasa padri huyu, Monsinyori, aliruhusiwa na nani? Mama akaitwa tena. "Si padri, mwalimu," alisema, sauti imempanda kidogo. "Ni Musenyeri! Mkubwa wa jimbo."

Nilikuwepo, na tangu siku ile neno hili halijaniacha. Kosa lenyewe ni la herufi chache tu, lakini lilitaka kumtilia mtoto shaka katika sakramenti yake.

Chanzo cha maneno yote mawili ni kimoja: "bwana wangu", namna ya zamani ya kumwita mkubwa. Wafaransa husema *monseigneur*, na katika Kanisa lao hiyo ni heshima ya maaskofu. Wamisionari waliotumia Kifaransa waliifikisha Burundi, na Kirundi kikaipokea kama *Musenyeri*. Ile *mon* ya Kifaransa, yaani "wangu", ikageuka *mu*, na masikioni ikafanana na kiambishi cha watu, kama *mu* ya *umuntu*. Ila haikuwa kiambishi kamili: katika wingi *mu* haing'oki, bali husemwa *ba Musenyeri*. Joachim Ruhuna, askofu mkuu wa Gitega aliyeuawa Septemba 1996, kwa Warundi ni Musenyeri Ruhuna. Hata Waanglikana wa Burundi, ambao misheni yao ilitoka Uingereza, humwita askofu wao Musenyeri. Neno limeshavuka ua wa dhehebu lililolileta.

Waitalia nao wana *monsignore*, lakini kwao heshima hii hupewa askofu na vilevile padri aliyetukuzwa na Papa. Kiingereza kikashika zaidi maana hii ya pili, na Tanzania imeifuata. Kwa hiyo Monsinyori wetu ni padri aliyepewa heshima. Hajapata daraja la uaskofu, na hana jimbo.

Hivyo neno moja limefika Kibondo kwa milango miwili. Hatari yake inazidi kwa sababu Kiha cha wenyeji na Kirundi ni ndugu wa karibu. Muha na Mrundi huelewana bila mkalimani, kwa hiyo hakuna anayeona haja ya kuuliza maana. Lingekuwa neno geni kabisa, katekista angeuliza.

Askofu, kwa upande wake, ametembea njia nyingine. Mwanzo ni neno la Kigiriki *episkopos*, mtu anayeangalia kwa juu, yaani msimamizi. Kabla ya Ukristo lilikuwa neno la serikali: Athene ilituma *episkopoi* kusimamia miji iliyokuwa chini yake. Kanisa likalichukua. Kilatini kikasema *episcopus*, Wareno wakalikata pande zote mbili likabaki *bispo*, na Wafaransa wakalisaga hadi likawa *évêque*. Mashariki lilipitia kwa Wakristo wa Siria likaingia Kiarabu kama *usquf*, na sura hiyo ndiyo iliyozaa askofu wetu. Tazama sauti zake: *q* imekuwa *k*, na *f* ya mwisho imeongezewa *u*. Ndivyo *waqf* ilivyokuwa *wakfu*. Nami hufurahi kila nisikiapo kwamba askofu amewekwa wakfu, kwa kuwa maneno hayo mawili yalitoka Kiarabu yakanyolewa kwa wembe mmoja.

Je, tusingetafsiri tu maana? Waganda walifanya hivyo: askofu wa Kianglikana kwao ni *omulabirizi*, mtu wa kuangalia na kutunza. Kiswahili kilijaribu pia. Katika Biblia ya Muungano ya 1952, neno lile la Kigiriki ni "waangalizi" katika Matendo 20, na ni "maaskofu" mwanzoni mwa Wafilipi. Mashahidi wa Yehova wamebaki na mwangalizi wa mzunguko. Lakini mtaani leo mwangalizi ni yule anayetumwa kutazama uchaguzi, anaandika ripoti na kuondoka. Kwa cheo cha mtu anayekaa na watu wake, naona askofu linatufaa zaidi.

Kuhusu Musenyeri, ugumu ni kwamba neno hilo hubeba mizigo miwili: cheo na heshima. Kiswahili cha Wakatoliki huigawa. Askofu ni cheo, mhashamu ni heshima. Musenyeri Fulani, basi, kwa Kiswahili ni Mhashamu Askofu Fulani. Daftarini, kwenye nafasi ya mhudumu, iandikwe askofu, hata kama mdomo wa msemaji umetamka Musenyeri na sikio la mwandishi limesikia kitu kinachofanana na Monsinyori. Kinachotafsiriwa ni kazi ya mtu, si mlio wa jina lake. Katekista asiye na uhakika ana swali moja la kuuliza: ana jimbo, au ana parokia?

Siku ile mstari mmoja ulipitishwa juu ya Monsinyori, juu yake likaandikwa Askofu, na pembeni ikawekwa sahihi. Mama aliomba asomewe. Akalirudia neno polepole, a-sko-fu, kisha akauliza kama huyo ndiye Musenyeri wake. Katekista akamjibu kwa Kiha kwamba ndiye. Mama akaikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani.