Rweya: mvua yote ile, mbona nyasi tupu?

Ukipanda hiace kutoka Muleba kwenda Bukoba mjini, kaa dirishani. Utapita kwenye migomba minene, kahawa na nyumba zilizojificha humo ndani. Halafu ghafla migomba inaisha, kama mtu kaikata kwa kisu, na unaanza uwanda wa nyasi usio na nyumba. Dakika chache mbele, migomba inarudi. Kwa Kihaya sehemu ya nyasi inaitwa rweya, ya migomba kibanja.

Mgeni akiiona rweya anadhani ni ukame. Na kweli, darasani tulifundishwa kwamba nyika za nyasi hutokea pale mvua inapokuwa haba. Mongolia ni mfano mzuri: milima inazuia mawingu, nyuma yake panabaki pakavu. Sasa shida ni kwamba Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, kati ya nyingi kabisa Tanzania. Upepo unaotoka ziwani unapanda matuta, unapoa na kumwaga maji. Ukivuka kwenda Karagwe ndipo mvua inashuka hadi chini ya milimita 1,000. Kwa hiyo kanuni ya milima inafanya kazi, ila rweya iko upande usiotarajiwa: upande wenye mvua.

Jibu la kwanza liko kwenye jiwe. Matuta ya Bukoba na Muleba yamepangana kutoka kaskazini hadi kusini, sambamba na ufuo. Ndiyo maana mto Ngono, badala ya kukata moja kwa moja kwenda ziwani, unafuata bonde kuelekea kaskazini hadi unakutana na Kagera. Matuta haya ni ya mawe ya mchanga yenye umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Ziwa Victoria lenyewe ni mtoto mdogo hapo, lina miaka kama 400,000 tu. Jiwe la mchanga likimomonyoka linatoa udongo wa kichanga, na mvua nyingi inauosha virutubisho vyake. Yaani mvua hiyohiyo tunayoisifu ndiyo inayouchosha udongo.

Basi kibanja kilitoka wapi? Kilitengenezwa na watu. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, usiku wakalala nyumbani, samadi ikaenda kwenye migomba. Nyasi zilikatwa rweya, zikatandikwa sakafuni, zikichakaa zikapelekwa shambani. Kizazi baada ya kizazi, rutuba ilihamishwa kutoka uwandani kuja nyumbani. Wanawake walilima njugu mawe kwenye vishamba vya rweya, kisha wakaviacha vipumzike miaka kadhaa.

Kuna mkono mwingine wa kale zaidi. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka na Kemondo, akaonyesha kwamba watu wa huku waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Tanuri hula mkaa, na mkaa ni miti. Kwa hiyo sehemu ya nyasi unazoziona leo inaweza kuwa na historia ya shoka, si ya jiwe peke yake.

Mfumo huu ulikuwa na udhaifu mmoja: ng'ombe. Miaka ya 1890 sotoka ilipopita Afrika Mashariki na kuua mifugo, samadi ilipotea pamoja nayo. Migomba haifi siku hiyohiyo. Inapungua polepole, mikungu inakuwa midogo, na watu wanasema ardhi imechoka.

Leo kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja, na sehemu kubwa ya rweya imepandwa misindano na mikaratusi. Miti inaleta hela, sikatai. Lakini tukiihesabu rweya kama ardhi iliyokaa bure, tunasahau kwamba ndiyo iliyokuwa inalisha kibanja. Ukiifunga bila kutafuta chanzo kingine cha mbolea, mchanga utarudi kuwa mchanga.

Likizo ijayo ukifika nyumbani, muulize bibi sehemu ipi ya kibanja ilikuwa rweya zamani, na nani alibeba samadi kuipeleka pale. Uliza mapema, maana ramani za serikali hazina habari hiyo.