Mathe Ako na HIV, Mtoi Anyonye Ama Asinyonye? Hii Ndiyo Form

Jibu fupi: anyonye, bora mathe anameza dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema bila dawa, watoto kati ya 15 na 45 kwa kila 100 huambukizwa, iwe kwa tumbo, wakati wa kuzaliwa ama kwa kunyonya. Mathe akimeza ARV vipoa na mtoi apewe zake, hiyo namba inashuka chini ya 5. Kama ni wewe, dem yako ama sistako huko Mlolongo, Masii ama Kangundo, shika hii.

Miezi 6 ya kwanza: titi pekee
Hakuna maji, hakuna uji, hakuna maziwa ya ng'ombe. Shosho atakuja na maji ya sukari akisema mtoto ana kiu. Mwambie kwa heshima daktari amekataa. Kuchanganya titi na vitu vingine ndiyo noma, juu utumbo wa mtoi bado ni laini, na ukikwaruzwa virusi vinapata njia. Dawa alizoandikiwa kliniki zinaruhusiwa.

Na maziwa ya mkebe?
Ni sawa kama una doh ya kununua kila wiki bila kukosa, maji safi na moto wa kuchemsha kila saa. Ukiwa Yatta ama Mwala unanunua maji kwa mtungi, piga hesabu vizuri. Kabla ARV zifike kwa raia, Ruth Nduati na wenzake walifanya utafiti Nairobi, ukatoka 2000. Maziwa ya mkebe yalipunguza maambukizi, lakini kufika miaka 2, vifo vya watoto vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Siku hizi dawa zipo, so titi limerudi mbele.

Dawa za mtoi
Kenya, anaanza na AZT na nevirapine kwa wiki 6. Halafu anaendelea na nevirapine mpaka wiki 6 baada ya kuacha kunyonya kabisa. Septrin inaanza akiwa na wiki 6. Usiruke siku juu mgeni amekuja kwa nyumba.

Vipimo
PCR ni wiki 6, miezi 6 na mwaka 1, kisha kipimo cha antibodi akiwa na miezi 18. Akiendelea kunyonya, anapimwa kila miezi 6, na tena wiki 6 baada ya kuacha. Akipatikana nayo, anaanzishwa dawa mara moja. Mapema ndiyo best, na bado anafaa kunyonya.

Baada ya miezi 6
Ongeza msosi, usitoe titi. Anaweza kunyonya mpaka miaka 2. Anza na uji wa wimbi, ndengu zilizopondwa, viazi vitamu, yai, embe. Mara 2 ama 3 kwa siku, halafu 3 ama 4 kutoka miezi 9. Muthokoi ingoje meno.

Kimbia kliniki siku hiyo hiyo kama:
- Chuchu imepasuka, ama titi limevimba na lina moto. Nyonyesha lile zima. Lenye shida likamue umwage.
- Mtoi ana vidonda mdomoni, anahara ama hataki kunyonya.
- Umekosa ARV siku kadhaa.
- Umejua status ukiwa tayari unanyonyesha. Usimtoe titi ghafla. Anza dawa, na mtoi apimwe.

Siri ni yako
Sheria ya HIV ya 2006 inakataza mtu kutangaza status yako bila ruhusa. Lakini chagua mtu mmoja ndani ya nyumba ajue, juu ukienda job ama ukilala hospitali, lazima kuwe na mtu wa kumpa mtoi hiyo nevirapine. Kama wewe ni buda yake, hiyo ni kazi yako. Na nenda upimwe pia.