Mto Unaingia au Unatoka?

Machi 1858, katika kisiwa cha Kasenge, magharibi mwa Ziwa Tanganyika, mfanyabiashara Mwarabu Hamed bin Sulayyim alimsimulia mgeni wake, John Hanning Speke, habari za mto mkubwa ulioko kaskazini. Speke hakujua Kiarabu. Mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay, alikuwa Myao aliyewahi kuishi India, na wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Speke akavuka kurudi Ujiji na habari moja: mto ule unatoka ziwani.

Mkuu wa msafara, Richard Burton, alifurahi mno. Maji yakitoka ziwani kuelekea kaskazini, basi huenda chimbuko la Nile limepatikana. Wakakodi mitumbwi miwili, na tarehe 26 Aprili wakafika Uvira. Burton alikuwa na vidonda ulimini, hata kusema kulimshinda. Wana watatu wa mtawala wa hapo, Maruta, walikuja kuwaamkia. Walipoulizwa walijibu kwa kauli moja: mto huo ni Rusizi, wameuona kwa macho yao, nao unaingia ziwani. Ndipo Bombay naye akasema kwamba Speke alimwelewa vibaya Hamed. Mto aliousema ni unaoingia. Wapiga makasia waliogopa Warundi, wakakataa kusonga mbele. Safari ikaishia hapo.

Kosa la namna hiyo ni jepesi kutokea. Katika Kiswahili, "ziwani" ni ile ile, uwe unakwenda, umekaa au unaondoka. Mwelekeo wote hubebwa na kitenzi. Na kitenzi chenyewe kinaweza kukuponyoka. Njia "inayotokea sokoni" inafika sokoni. Harufu "inayotokea sokoni" inaanzia huko.

Mwaka 1864 Burton, ambaye hakuuona mlango wa Rusizi, aligeuka na kudai kwamba mto unatoka ziwani. Mwishoni mwa 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika kwa mtumbwi hadi mlangoni hapo, wakakuta mkondo unawajia usoni. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron aliuona Lukuga, mto unaoyatoa maji ya ziwa upande wa magharibi, mbali kusini mwa Uvira.

Wana wa Maruta walikuwa wameshasema miaka 13 kabla ya Livingstone na Stanley: unaingia.